KIUNGULIA KISICHOUNGUA: UGONJWA WA KOO UNAOTAKA DAFTARI



Leo tutajifunza ugonjwa mmoja wa koo. Ugonjwa huu hauambukizi, wala hauui haraka. Lakini unasumbua kwa miezi na miaka. Unakula fedha za kahawa na za ndizi. Tena unawapeleka watu wengine penye wembe. Ugonjwa wenyewe ni maji makali ya tumbo kupanda mpaka kooni bila mwenyewe kujua. Katika somo hili tutauita kiungulia cha kimya.

Someni polepole. Kama mko katika kikundi, mmoja asome kwa sauti na wengine wasikilize. Kila mtu awe na daftari na kalamu. Mbele kidogo mtaona kwa nini.

MFANO WA MAMA MMOJA

Tuchukue mfano wa mama mmoja wa upande wa Kamachumu, wilaya ya Muleba. Mama huyu ni mkulima. Siku za gulio huuza ndizi. Jumapili huongoza kwaya. Kwa hiyo sauti yake ni jembe lake la pili.

Basi, mwaka mmoja sauti ikaanza kukwaruza. Asubuhi akiamka, koo ni zito. Anajikohoza, "ehem, ehem," mpaka watoto wanajua mama ameamka. Kooni anahisi kitu kama punje ya hindi iliyokwama. Akimeza mate haishuki. Lakini akila chakula, chakula kinapita vizuri. Hana homa, na kifua hakiungui. Gulioni akiita wateja, sauti inakatika.

Akaenda duka la dawa. Akauziwa vidonge vya kuua vijidudu. Akamaliza, hakupona. Akarudi, akauziwa vingine vya bei kubwa zaidi. Hakupona. Majirani nao wakaanza kusema. Mmoja alisema amepulizwa na mtu mwenye wivu wa sauti yake. Mwingine akaja jioni, akamwambia:

"Mama, hicho ni kimeo. Kimerefuka. Yupo mzee anakata, ni dakika moja tu."

"Anakatia nini?"

"Wembe."

"Wembe mpya?"

Jirani akanyamaza. Mama naye akanyamaza. Usiku ule hakulala. Alikuwa anafikiri mambo mawili: wembe na saratani.

Ndugu wasomaji, je, mama huyu afanye nini? Kabla ya kujibu, hebu tujue kwanza mwili unavyofanya kazi.

TUMBO NA KOO

Chakula kikimezwa hupita katika bomba laini liitwalo umio. Umio unatoka kooni, unapita nyuma ya kifua, unaingia tumboni. Tumboni kuna maji makali yaitwayo asidi. Maji hayo husaidia kusaga chakula na kuua vijidudu. Tumbo lenyewe haliungui, kwa sababu ndani limepakwa ute mzito wa kulikinga.

Mahali umio unapoingia tumboni pana mlango wa nyama. Mlango huu ni kama valvu ya baiskeli. Unaruhusu kitu kuingia, na unazuia kisirudi. Valvu ikilegea, upepo unatoka. Mlango wa tumbo nao ukilegea, maji makali yanapanda juu.

Yakipanda na kukaa katika umio, kifua kinaungua. Hicho ndicho kiungulia tunachokijua wote. Akina mama wajawazito wanakijua sana.

Lakini mara nyingine maji hayo hupanda kidogo tu. Yanapita umio upesi, yanafika mpaka penye sauti. Kifua hakiungui, ila koo linaumia. Kwa nini? Chukueni ndimu. Tone la ndimu kwenye kidole kizima haliumi. Tone hilo hilo kwenye mchubuko linauma. Koo letu ni laini kama mchubuko. Halina ule ute mzito wa tumbo. Tena maji hayo ya tumbo yana kitu cha kukata nyama za chakula vipande vipande. Kikifika kooni kinachubua ngozi laini.

Kwa hiyo mgonjwa anasema, "Mimi sina kiungulia." Anasema kweli anavyohisi. Kumbe anacho, ila kiko kimya.

Madaktari wenyewe walichelewa kuufahamu vizuri ugonjwa huu. Mwaka 1991 daktari wa koo wa Marekani, Jamie Koufman, aliandika uchunguzi wa wagonjwa 225 wa koo na sauti. Alionyesha kwamba maji ya tumbo yanaweza kuumiza koo, na kwamba wengi wa wagonjwa wa namna hii hawalalamiki kuungua kifua. Kwa hiyo msishangae tukisema ugonjwa huu hutambuliwa kwa shida hata katika nchi zenye hospitali nyingi.

DALILI ZAKE

Dalili zinazoonekana mara nyingi ni hizi:

1. Sauti kukwaruza, hasa asubuhi.
2. Kujikohoza mara kwa mara ili kusafisha koo.
3. Makohozi mazito kooni yasiyoisha.
4. Kuhisi donge au kitu kimekwama, ingawa chakula kinapita.
5. Kikohozi kikavu baada ya kula au ukilala chali.
6. Kupaliwa usiku, ukaamka unatafuta hewa.
7. Mdomo kuwa mchungu au mchachu asubuhi.

Lakini angalieni, dalili hizi si za ugonjwa mmoja tu. Kifua kikuu kinakohoza. Pumu inakohoza. Mafua ya mzio yanaleta makohozi. Rovu la shingoni linabana koo. Moshi wa jikoni na tumbaku vinakwaruza sauti. Saratani nayo huanza hivyo hivyo. Ndiyo maana hatusemi, "Ukiwa na dalili hizi, basi una kiungulia cha kimya." Tunasema, "Nenda ukapimwe."

WEMBE SI DAWA

Sasa turudi kwa yule jirani na mzee wake wa kukata kimeo.

Ukifungua mdomo mbele ya kioo utaona kinyama kidogo kinaning'inia nyuma ya ulimi. Hicho ni kilimi, na wengi wetu tunakiita kimeo. Kila mtu anacho. Kazi yake ni kusaidia kumeza na kusema. Katika Tanzania yetu wapo watu wengi wanaoamini kwamba kikohozi cha muda mrefu kinaletwa na kimeo kirefu. Wanakikata kwa watoto na hata kwa watu wazima.

Tufikiri pamoja. Kama maji makali yanatoka tumboni, kukata kilimi kutayazuiaje? Ni sawa na nyumba inayovuja bati, wewe ukakata mguu wa meza. Maji yataendelea kudondoka. Kama ni kifua kikuu, wadudu wako mapafuni, hawako kwenye kilimi. Wakati jeraha linapona, ugonjwa wenyewe unasonga mbele.

Tena wembe una hatari zake. Damu inaweza kutoka nyingi isikatike. Pepopunda inaweza kuingia. Wembe uliotumika kwa mtu mwingine unaweza kuleta virusi vya UKIMWI na vya homa ya ini. Sisi watu wa Kagera hatuhitaji kufundishwa jambo hilo kwa maneno mengi. Wagonjwa watatu wa kwanza wa UKIMWI waliotambuliwa katika nchi hii walikuwa wa mkoa wetu, mwaka 1983. Tumezika wengi. Tusirudie kuchezea damu kwa ajili ya koo linalokwaruza.

MAMA ANAKWENDA ZAHANATI

Mama yetu alikwenda zahanati. Tabibu alikuwa kijana wa umri wa mwanawe.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu. Koo limenishinda. Nimekuja uniambie kama ni kimeo."

"Mama, kimeo tukiache kwanza. Umekohoa kwa muda gani?"

"Muda mrefu."

"Mrefu kama wiki ngapi?"

Mama akafikiri. Hakukumbuka. Tabibu akauliza tena: sauti inakwaruza zaidi saa ngapi? Unakula saa ngapi usiku? Unalala saa ngapi? Umepungua uzito? Mama akajibu, "Labda," "sijui," "siku nyingine ndiyo, siku nyingine hapana."

Tabibu hakukasirika. Akamwambia, "Mama, unajua kuandika?"

"Najua. Nilisoma kisomo."

"Vizuri sana. Leo tutapima makohozi. Halafu nunua daftari dogo. Andika kila siku kwa wiki mbili, kisha rudi nalo. Ugonjwa wako haupigi kelele. Itabidi tuuvizie."

Ndugu zetu, hilo ndilo jambo kubwa la somo hili. Malaria ina kipimo chake, dakika chache jibu linatoka. Kiungulia cha kimya hakina kipimo kimoja cha damu wala cha mkojo kinachosema ndiyo au hapana. Daktari anautambua kwa njia mbili: kwanza kwa kuondoa magonjwa mengine, moja baada ya jingine, kama tunavyochagua mawe katika maharage, pili kwa maelezo ya mgonjwa mwenyewe. Mgonjwa mwenye maelezo mazuri anasaidiwa mapema. Na maelezo mazuri hayakai kichwani, hukaa kwenye karatasi.

HATUA ZA KUPIMWA

Hatua ya kwanza ni kifua kikuu. Mtu akikohoa kwa wiki mbili au zaidi, apimwe makohozi. Nchi yetu ina Mpango wa Taifa wa kupambana na kifua kikuu na ukoma tangu mwaka 1977. Kupima na dawa za kifua kikuu ni bure katika vituo vya serikali. Dawa za kawaida humezwa miezi sita, na ugonjwa unapona. Kwa hiyo usianze kuhangaika na asidi kabla hujajua hali ya mapafu.

Hatua ya pili ni kuangalia shingo, mdomo, pua na kifua. Tabibu atapapasa shingo kama kuna uvimbe, na atasikiliza mapafu. Atakuuliza kuhusu sigara, pombe, na moshi wa kuni.

Hatua ya tatu ni kuonekana na daktari wa hospitali. Muleba tunazo hospitali kama Rubya, Ndolage na Kagondo. Bukoba ipo Hospitali ya Rufaa ya Mkoa. Ikihitajika zaidi, mgonjwa huandikiwa barua kwenda Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Bugando, Mwanza, kwa basi au kwa meli. Huko kuna idara ya magonjwa ya masikio, pua na koo.

Daktari wa koo huangalia ndani kwa kioo kidogo chenye mpini, au kwa bomba jembamba lenye taa linalopitishwa puani. Haliumi sana, ila linakera kidogo. Anaziona nyuzi za sauti zinavyofunguka na kufunga. Kama kuna kidonda au uvimbe, ataona. Wanakwaya watafurahi kujua kwamba aliyeonyesha njia ya kioo alikuwa mwalimu wa uimbaji. Aliitwa Manuel García, Mhispania. Mwaka 1854 alitumia vioo viwili na mwanga wa jua, akaona nyuzi za sauti katika koo lake mwenyewe.

Mkumbuke pia kwamba koo jekundu peke yake si ushahidi kamili. Moshi unalifanya jekundu, na mafua pia. Kwa hiyo daktari anachanganya aliyoyaona na aliyoyasoma katika daftari lako.

DAFTARI LA KOO

Daftari la mama lilikuwa la kurasa chache tu. Alipiga mistari, akaandika hivi:

Jumatatu. Nimekula matoke na maharage saa 3 usiku. Nimelala saa 3 na nusu. Asubuhi sauti nzito, kujikohoza sana.

Jumanne. Nimekula saa 3 usiku, ugali na dagaa wa kukaanga. Chai mbili. Nimelala papo hapo. Usiku nimepaliwa. Asubuhi sauti hakuna.

Jumatano. Mgeni alikuja, tumetafuna kahawa. Nimekula saa 12 jioni. Nimelala saa 4. Asubuhi nafuu.

Jumamosi. Harusi. Lubisi bilauri mbili, nyama ya kuchoma, soda. Nimelala saa 6 usiku. Jumapili nimeshindwa kuimba.

Hebu someni tena mistari hiyo. Mnaona nini? Hakuna aliyemwambia mama, lakini karatasi imesema. Matoke hayakuwa adui. Adui alikuwa saa. Alipokula mapema, aliamka na nafuu. Alipokula na kulala papo hapo, koo liliungua kimya kimya usiku kucha.

HESABU YA MASWALI TISA

Mwaka 2002 madaktari watatu wa Marekani, Belafsky, Postma na Koufman, walitoa orodha ya maswali tisa kwa wagonjwa wa namna hii. Mgonjwa anafikiria mwezi uliopita. Kila swali anajipa alama kuanzia 0 mpaka 5. Alama 0 maana yake sina tatizo hilo. Alama 5 maana yake linanitesa sana. Sisi tumeyaandika kwa maneno yetu, pamoja na alama za mama:

1. Sauti kukwaruza: 4
2. Kujikohoza: 5
3. Makohozi mengi kooni: 3
4. Shida ya kumeza chakula, maji au vidonge: 0
5. Kukohoa baada ya kula au kulala: 3
6. Kupaliwa au pumzi kubana: 1
7. Kikohozi kinachosumbua: 2
8. Kuhisi donge kooni: 4
9. Kiungulia, kuumwa kifua au kucheua maji machachu: 0

Jumlisheni wenyewe kabla ya kuendelea.

Jumla ni 22. Madaktari hao walisema ikizidi 13, kiungulia cha kimya kinashukiwa. Angalieni swali la 9. Mama amejipa 0. Kama angeulizwa swali hilo moja tu, angeambiwa hana kitu.

Lakini hesabu hii ni tochi, si hakimu. Mtu mwenye mzio anaweza kupata alama nyingi vilevile. Usijihukumu nyumbani kwa alama. Peleka daftari kwa tabibu.

KUISHI NA KIUNGULIA CHA KIMYA

Makohozi ya mama hayakuwa na kifua kikuu. Hospitali walimwangalia koo, hawakuona uvimbe. Waliona wekundu na kuvimba kidogo nyuma ya nyuzi za sauti. Wakasoma daftari. Ndipo wakamwambia ugonjwa wake, na namna ya kuishi nao. Mashauri yenyewe ni haya:

1. Kula jioni mapema. Toka kula mpaka kulala zipite saa tatu. Ukilala saa 4 usiku, umalize kula saa 1. Jambo hili linataka nyumba nzima ikubaliane. Baba akirudi usiku na kutaka wote wale naye, mama hawezi kupona. Kwa hiyo akina baba, somo hili ni lenu pia.

2. Kula kidogo kidogo. Tumbo lililojaa pomoni husukuma mlango.

3. Inua kitanda upande wa kichwa. Weka matofali au vipande vya mbao chini ya miguu ya kitanda, kimo cha sentimita 15, karibu sawa na urefu wa kalamu ya wino. Usirundike mito. Mito inakunja tumbo. Anayelala chini kwenye mkeka alalie ubavu wa kushoto.

4. Usiiname baada ya kula. Palizi ya kuinama fanya kabla ya kula au saa nzuri baadaye. Mkanda au kanga usifunge kwa kubana tumbo.

5. Punguza vinavyolegeza mlango au kuchoma koo. Hivi ni pombe ya aina zote, lubisi na gongo pia, sigara, kahawa na chai nyingi, soda, pilipili, machungwa na ndimu, nyanya nyingi, na vyakula vya mafuta mengi kama maandazi na nyama ya kukaanga. Senene nao wana mafuta. Hatusemi uwaache msimu ukifika. Kula wachache, mchana, si usiku wa manane.

6. Mgeni akileta kahawa ya kutafuna, si lazima kuikataa, maana ni heshima yetu. Chukua punje moja, shukuru, yatosha.

7. Chai na uji viache vipoe kidogo. Mwaka 2016 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani lilisema vinywaji vya moto sana, vinavyopita nyuzi 65, yamkini vinachangia saratani ya umio.

8. Acha kujikohoza kwa nguvu. Kila "ehem" inagonganisha nyuzi za sauti na kuzichubua. Koo likiwasha, meza mate au kunywa maji funda moja. Ni vigumu mwanzoni, lakini tabia inazoeleka.

Matoke ya kuchemsha, viazi, ndizi mbivu, maharage yaliyoiva vizuri, mboga, na samaki wa kuchemsha havina ubaya kwa wengi. Lakini matumbo hayafanani. Daftari lako ndilo litakuambia.

HABARI YA VIDONGE

Vipo vidonge vya kupunguza asidi, kama omeprazoli. Vikiandikwa na daktari, kwa kawaida humezwa nusu saa kabla ya kula, si baada ya kushiba. Daktari akiandika wiki kadhaa, usiache siku ya tatu kwa kuwa hujaona nafuu. Wala usiendelee kununua mwenyewe miaka na miaka. Vidonge vya maumivu kama aspirini na diklofenaki vinaweza kuumiza tumbo, kwa hiyo mwambie daktari kama unavimeza.

Tuseme ukweli mwingine. Mwaka 2021 madaktari wa Uingereza walitangaza matokeo ya jaribio la watu 346 wenye shida ya koo ya muda mrefu. Nusu walipewa kidonge cha kupunguza asidi kiitwacho lansoprazoli. Nusu walipewa kidonge kitupu kisicho na dawa. Hakuna aliyejua amepewa kipi. Baada ya wiki 16 makundi yote mawili yalipata nafuu, na nafuu hiyo haikutofautiana. Maana yake nini? Maana yake si kila koo linalokwaruza linaponywa na kidonge cha asidi. Ndiyo sababu tunasisitiza kupimwa kwanza, na kubadili mazoea. Ukitegemea kidonge huku unakula saa 4 na kulala saa 4, unateka maji kwa pakacha.

Koo hupona polepole. Mama alingoja. Wiki ya pili hakuona kitu. Mwezi wa kwanza asubuhi zikawa nyepesi. Baada ya miezi mitatu akajipima tena kwa maswali tisa, akapata 9. Amerudi kwenye kwaya, ingawa sauti za juu kabisa amewaachia vijana. Siku ya harusi bado humsumbua. Lakini sasa anajua sababu, na wala haogopi. Wembe hakukatwa.

DALILI ZA HATARI

Ndugu wasomaji, dalili ya mvua ni mawingu. Ukiona moja ya hizi, usiandike daftari wiki mbili. Nenda hospitali mara moja:

- Chakula kinakwama ukimeza. Kwanza ugali, baadaye hata uji.
- Unapungua mwili bila sababu.
- Unakohoa au kutapika damu, au choo ni cheusi kama lami.
- Sauti imekwaruza zaidi ya wiki tatu bila kupata nafuu hata siku moja.
- Kuna uvimbe shingoni.
- Pumzi inabana au inapiga mluzi.
- Sikio la upande mmoja linauma pamoja na koo.
- Unatoka jasho jingi usiku na kukohoa.

Nchi za mashariki ya Afrika, kuanzia Ethiopia kushuka mpaka Afrika Kusini, zina wagonjwa wengi wa saratani ya umio kuliko sehemu nyingi za dunia. Wengi wao hufika hospitali chakula kikiwa hakipiti tena. Kwa hiyo mtu asiseme, "Nilisoma gazetini kwamba koo langu ni kiungulia tu." Gazeti halioni koo lako. Daktari ndiye anayeliona.

MANENO YA KUJIFUNZA

Umio: bomba la kupitisha chakula kutoka kooni hadi tumboni.
Asidi: maji makali ya tumboni.
Nyuzi za sauti: vinyama viwili kooni vinavyotetemeka tunaposema.
Kilimi au kimeo: kinyama kinachoning'inia nyuma ya ulimi.
Rufaa: kupelekwa hospitali kubwa zaidi kwa barua ya daktari.

MASWALI YA KIKUNDI

1. Kwa nini mtu anaweza kuwa na ugonjwa huu bila kuungua kifua?
2. Kwa nini kukata kimeo hakuzuii maji ya tumbo? Taja hatari tatu za wembe.
3. Mtu akikohoa wiki mbili, apimwe nini kwanza?
4. Katika kijiji chenu watu hula saa ngapi usiku? Wanalala saa ngapi? Hesabuni tofauti.
5. Nani hupanga saa ya chakula cha jioni nyumbani? Zungumzeni, wanaume na wanawake pamoja.

ZOEZI

Pigeni mistari minne katika daftari: tarehe, chakula na saa, saa ya kulala, hali ya koo asubuhi. Andikeni siku saba. Mwenye koo zima pia aandike, apate mazoezi. Siku ya mwenzenu kuugua, mtajua kumsaidia.

Wazee wetu wanakumbuka mwaka 1973, vikundi vilipokusanyika kusikiliza redio na kusoma vitabu vya "Mtu ni Afya". Wakati ule tulijifunza kuchimba vyoo na kuchemsha maji. Leo tunajifunza kuandika habari za miili yetu wenyewe. Tulipojifunza a, e, i, o, u, wengine walituuliza, "Mtu mzima kusoma kutamsaidia nini?" Mama wa Kamachumu anaweza kuwajibu. Mistari michache ya kalamu imemwepusha na wembe.